Nguo Imfuate Mtu

Waliopita Kabalo mwezi wa tisa au wa kumi wajua joto letu. Mji wetu uko bondeni, kando ya mto Lualaba, wala hatupati ule ubaridi wanaoupata ndugu zetu wa Lubumbashi kule juu. Mvua zakoma karibu na mwezi wa tano. Mwezi wa sita na wa saba usiku wapoa kidogo, kisha jua lazidi siku kwa siku mpaka mvua zirudi. Wakati huo kila mtu atafuta kivuli. Lakini sisi akina mama wanene twatafuta mambo mawili: kivuli, na nguo itakayotuenea.

Pengine mtu atasema, Haya ni mambo madogo. Si madogo. Twamjua mama mmoja, jirani yetu, ambaye kwa muda wa miezi mitatu hakuonekana katika Misa ya Dominika. Hakuwa mgonjwa, wala hakugombana na mtu. Nguo yake moja ya Dominika ilikuwa imepasuka kwapani alipopiga magoti wakati wa Mageuzo, na vijana waliokaa nyuma yake wakacheka. Basi. Kwa ajili ya kipande cha kitambaa na kicheko kimoja, mkristu akakaa mbali na meza ya Bwana. Tangu siku hiyo tumefikiri sana habari ya nguo, nasi twataka kuwaambia tuliyoyaona.

Kwanza yafaa kujua nguo zetu zatoka wapi. Zamani mji wa Kalemie, ulipoitwa bado Albertville, ulikuwa na kiwanda cha kusokota na kufuma pamba, jina lake Filtisaf. Na katika nchi hizi baba zetu walilazimishwa na Wabelgiji kulima pamba, hata wakaichukia. Siku hizi pamba hiyo haitushughulishi tena, nacho kiwanda hakifumi. Nguo zetu nyingi zafika katika marobota, nguo kuukuu za Ulaya na Marekani, ndizo ziitwazo mitumba kwa jirani zetu wa Tanzania. Zavuka ziwa mpaka Kalemie, na toka huko zatufikia kwa lori, kwa baiskeli, au kwa treni inapopita katika njia ile ya reli iliyomalizika mwaka 1915.

Robota likifunguliwa sokoni, watu wakusanyika kama kuku kwenye mtama. Lakini sisi wanene twachelewa kufurahi. Ndani ya robota mna makoti ya sufu, yaliyoshonwa kwa watu wa theluji. Mna suruali za wasichana wembamba. Mna nguo nyepesi za wakati wa joto wa Ulaya, ambazo zingetufaa sana hapa, ila nyingi hazipiti mabegani. Tena mna zile namba zinazotutesa. Nguo ile ile moja, Waingereza waiandikia 16, Wafaransa 44, Wajerumani 42, na Wamarekani 12. Nyingine yaandikwa XXL, nawe ukiivaa waona ni ya mtoto wako wa shule. Basi ni nani aliye na haki? Hapana. Namba ile haikupima mwili wako, maana aliyeiandika hajakuona kamwe.

Hata hivyo mama wengi, nguo ikikataa, hawailaumu nguo. Wajilaumu wenyewe. Husema, "Mwili wangu umeharibika." Ndipo ubaya unapoanzia. Tusikilize Maandiko Matakatifu yatuambiavyo. Kijana Daudi alipokwenda kupigana na Goliati, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, akayavua. Hakujilaumu kuwa mdogo. Alichukua kombeo lake akaenda. Tena mkumbuke Hana, mama yake Samweli. Kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea hekaluni. Mbona kila mwaka? Kwa kuwa mtoto alikua. Mama huyo hakumwambia mwanawe aache kukua ili kanzu ya mwaka jana imfae. Alishona nyingine.

Hata katika Kanisa letu jambo hili limetokea. Tarehe 28 Oktoba 1958, Makardinali walipomchagua Papa Yohane XXIII, kanzu nyeupe zilikuwa zimekwisha kuwekwa tayari. Naye alikuwa mtu mnene kweli kweli. Wasimulia kwamba zilimbana, ikabidi kumfungia kwa pini upande wa nyuma kabla hajatoka kuwabariki watu. Hakuna aliyesema kwamba mtu huyu ni mkubwa mno kwa kazi ya Petro. Walisema kanzu ni ndogo. Leo twamwomba atuombee, maana tangu mwaka 2014 yumo katika hesabu ya Watakatifu.

Na huko New York palikuwa na mjane mmoja, jina lake Lena Bryant, aliyezaliwa katika nchi ya Lithuania. Mume wake alipokufa alibaki na mtoto mchanga, akaweka rehani hereni zake apate cherehani. Mwaka 1904 akafungua duka. Alianza kuwashonea wanawake wenye mimba, ambao wakati ule hawakupata dukani nguo ya kuvaa wazi mbele ya watu. Baadaye akawashonea wanene. Yeye na mume wake wa pili, aliyekuwa injinia, hawakukisia tu: walikusanya vipimo vya wanawake wapata 4,500, wakaona kwamba wanene si namna moja. Mmoja ni mnene kifuani, mwingine kiunoni, mwingine mwili mzima. Jambo hilo fundi yeyote mwenye utepe wa kupimia alijua. Lakini wenye viwanda hawakuwa wamependa kumwuliza.

Sisi hatuna kiwanda. Lakini tuna kikwembe, na kikwembe hakina namba. Mama zetu walijua hekima yake. Kitambaa kimoja cha yadi sita hukatwa vipande vitatu vya yadi mbili mbili: kimoja cha blauzi, kimoja cha kujifunga, na kimoja cha kumbebea mtoto au cha kujitanda. Bibi arusi hukifunga, akichukua mimba hukilegeza, akizaa hukikaza, akizeeka bado chamwenea. Chafuata mwili kama maji yafuatavyo mtungi. Katika miaka ya 1970, Mobutu aliwakataza wanawake wa Zaire kuvaa suruali, akataka wavae vikwembe tu. Amri ile imepita pamoja na utawala wake, wala hatuililii, maana nguo ya kulazimishwa haina heshima. Lakini kikwembe kimebaki, kwa kuwa twakipenda wenyewe. Ndicho tunachokivaa siku za sikukuu, kikiwa na picha ya Mwenye Heri Anuarite, aliyetangazwa Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Na hata Papa Fransisko alipofika Kinshasa mwaka 2023, watu walimpokea wakiwa wamevaa vikwembe vyenye picha yake.

Je, tuyaache marobota? Hapana. Nasi tumepata mema humo, ila twachagua kwa akili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Usisome namba, chukua utepe wako, au hata kamba yenye mafundo, uipime nguo yenyewe kifuani, kiunoni na nyongani. Kisha, ukiweza kuijaribu, fanya mambo manne: inua mikono juu, keti, inama kama unayemwinua mtoto, na piga magoti. Nguo isiyokuruhusu kupiga magoti si nguo ya mkristu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Tazama uzi wake. Wakati wa joto pamba hunywa jasho, bali nailoni na ndugu zake hulifungia ndani, na ngozi yapata vipele. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Ule mwingine huyeyuka na kuwa tone gumu. Tena usipite haraka penye mashati makubwa ya wanaume na mashuka ya pamba. Shuka moja zuri hutoa gauni pana la nyumbani, lenye hewa, kuliko magauni matatu ya dukani.

Nguo ikiwa nzuri lakini yabana kidogo, tazama mishono ya ndani: pengine fundi wa kwanza aliacha kitambaa cha akiba. Kama hakuacha, mwambie fundi wako apasue ubavuni toka kwapani mpaka chini, atie kipande cha kikwembe pande zote mbili. Watu watadhani ni mtindo mpya. Na vazi lolote la robota lifuliwe kwa maji ya moto. Nguo zote zilizoanikwa nje zipigwe pasi ya makaa ndani na nje, hasa kwenye mishono, maana kuna nzi atagaye mayai juu ya nguo mbichi, na wadudu wake huingia ngozini.

Halafu kuna shauri jingine tunalopewa na kila mtu: ati mnene avae nyeusi, asivae maua makubwa, ajifiche. Twauliza, ajifiche kwa nani? Nguo nyeusi katika jua la Kabalo ni tanuru. Mmoja wetu apenda buluu, mwingine manjano, mwingine hawezi kuishi bila maua yenye ukubwa wa sahani. Kila mmoja ana namna yake, kama vile kila mmoja ana sauti yake katika kwaya. Twaomba mambo mawili tu: vazi liwe la adabu, na mwenye kulivaa aweze kupumua.

Hapa twanena kwa huzuni. Wako wasichana, wanene na wembamba, wanaotaka kuubadili mwili ili watazamwe. Mwembamba anunua sokoni vidonge vya kunenepesha, na ndani ya vingine mna dawa iitwayo deksametasone. Dawa hiyo ina kazi yake mkononi mwa mganga. Lakini anayeimeza ovyo huvimba uso, hupandisha damu, huleta sukari mwilini, hata mifupa hudhoofika. Mnene naye hushinda njaa siku nzima, akizimia katika jua. Aliye na ugonjwa wa uzito, au wa damu kupanda, aende hospitali apimwe, ashike shauri la mganga; hilo ni jambo la afya, nalo ni wajibu. Lakini kuuadhibu mwili kwa sababu ya gauni ni kumdharau Muumba.

Twajua jibu la wengine: "Nyumba njema si mlango. Mnasema habari ya mitindo, na wengine hawana nguo hata moja!" Ni kweli. Tangu mwaka 2016 tumewaona ndugu zetu waliokimbia vita vya Watwa na Waluba, wakifika na nguo waliyoivaa tu. Lakini walipogawiwa nguo, wale mama wanene ndio waliorudi mikono mitupu, kwa kuwa hapakuwa na iliyowaenea. Maskini naye ana kipimo chake. Dorkasi wa Yopa, ambaye wajane walimlilia wakimwonyesha Petro kanzu alizowashonea, bila shaka aliwajua wajane wake mmoja mmoja. Anayetoa sadaka ya nguo na aulize kwanza: ni nani atakayeivaa?

Basi, wasomaji, twawaomba hivi. Enyi mafundi, mpimeni mtu kwa heshima, msitangaze kipimo chake barazani. Enyi waume, msimlinganishe mkeo na picha za simu; mwili ule umezaa watoto wenu. Enyi vijana wa viti vya nyuma, mkiona nguo ya mama imepasuka, mpeni kitambaa ajifunike, mnyamaze. Nanyi akina mama wenzetu, mwenye cherehani amwite asiye nacho. Yule jirani yetu alishonewa gauni la shuka jeupe, lenye vipande vya kikwembe ubavuni. Gharama yake ilikuwa uzi na siku mbili za kazi. Sasa Dominika akaa nasi katika safu ya tatu, na wakati wa Mageuzo apiga magoti bila kujishika kwapa.