Sehemu ya 7: Samaki walivyonifungua mdomo mbele ya mama mkwe

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo ni tangi la samaki. Nivumilieni, maana mwisho wake unamhusu kila mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba.

Pale sebuleni kwetu Tumbi tuna tangi la kioo la lita 60. Baba watoto alilinunua Dar, pamoja na samaki wadogo wa mikia mipana, wale gapi, na mimea ya majini yenye majani marefu kama ukanda. Jamii ya mimea hiyo inaota hata Ziwa Tanganyika. Mwanangu wa miaka sita akawapa samaki wote majina.

Mimea ikaanza kudhoofika. Baba watoto akaona kwenye simu kwamba mimea inataka hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Ukweli ni kwamba inaitaka, ndiyo chakula chake ikipata mwanga. Basi akachukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, akatia sukari, maji vuguvugu na hamira, akatoboa kizibo, akapitisha mpira mwembamba kama wa dripu hadi ndani ya tangi. Hamira ikila sukari inatoa hewa ukaa, ile ile inayoumua maandazi. Vipovu vikawa vinapanda, na baada ya wiki mbili mimea ikawa kijani mpaka majirani wanakuja kutazama.

Sasa siku hiyo ya kipupwe natoka zamu ya usiku, nafika nyumbani saa moja na nusu asubuhi. Mwanangu nimemkuta juu ya kigoda, kabandika pua kwenye kioo. "Mama, samaki wanataka kuongea."

Nikachungulia. Wote walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanapanua na kufunga. Wawili walikuwa chini, wamelala ubavu. Jamani, sura ile naijua. Nimeiona wodini kwa watoto wenye nimonia, puani panapanuka na mbavu zinaingia ndani. Wale samaki walikuwa wanatafuta hewa.

Kumbe usiku Luku iliisha. Taa ya tangi ikazimika na pampu ya hewa ikasimama. Lakini hamira haitumii Luku! Iliendelea kumwaga hewa ukaa usiku kucha. Na mimea, tunayoisifia kwamba inatupa oksijeni, huitoa pale tu inapopata mwanga. Giza likiingia nayo inavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, kama mimi na wewe. Kwa hiyo samaki, mimea na hamira wote walikuwa wanatoa hewa ukaa ndani ya tangi lenye mfuniko, na hakuna aliyekuwa anaingiza oksijeni.

Maji yenyewe hayana akiba kubwa. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni kama miligramu 270 hivi. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 haibebi zaidi ya miligramu 8 na kidogo. Maji yakizidi kuwa ya moto, inapungua tena. Halafu hewa ukaa ikijaa kwenye maji, samaki anashindwa kuitoa ya kwake kupitia matamvua, yale mekundu tunayoyatoa tukiandaa samaki. Damu yake inakuwa na asidi na inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Kwa hiyo hata ukimwongezea oksijeni peke yake, bado anateseka. Kupumua ni kuingiza na kutoa, na zote mbili lazima ziende.

Nikang'oa ule mpira, nikafungua mfuniko, nikampa mwanangu kikombe: "Chota maji, yamwage kutoka juu, chota tena, usiache." Maji yakichafuka juu yanapokea oksijeni na kuachia hewa ukaa. Mimi nikabadilisha theluthi moja ya maji, kwa maji niliyokuwa nimeyaacha kwenye ndoo tangu jana ili klorini ya bomba ipungue. Nusu saa baadaye wakaanza kushuka. Wale wawili hawakuamka. Mwanangu akalia, nikamwacha alie.

Nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni, mikono imelowa, wifi yangu akatoka chumbani ameshika kichwa. Alikuwa amejifungua siku tisa nyuma na amekuja kwetu kuuguzwa na mama mkwe. Akasema, "Wifi, kichwa kinanigonga tangu jana, na kichefuchefu." Nikamwangalia yeye, nikaangalia tangi, mwili ukanisisimka.

Maana kile chumba, kwa siku tatu, mama mkwe alikuwa anaweka jiko la mkaa usiku ili mtoto asipate baridi. Dirisha limefungwa, na kanga imewekwa chini ya mlango kuzuia upepo. Na mimi nesi niliona siku ya kwanza, nikanyamaza. Nilijiambia huyu ni mama mkwe, amelea watoto sita, nitaonekana najua sana.

Nikaenda. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pole na kazi."

"Mama, naomba tulitoe jiko nje sasa hivi, tufungue dirisha. Halafu nawapeleka hospitali, yeye na mtoto."

Nikamweleza. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unakula oksijeni na kutoa hewa ukaa kama ile ya tangi, na unatoa nyingine mbaya zaidi, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua vizuri tu lakini mwili haupati kitu. Kuisha kwa moshi si usalama, mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa.

Mama alinyamaza kidogo, akabeba jiko mwenyewe mpaka uani. Aliporudi akaniuliza, "Wewe si ndiye nesi? Mbona hukuniambia siku ile ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Walipimwa, wote wako salama, namshukuru Mungu. Lakini mama wenzangu, mimi nilichelewa siku tatu kwa sababu ya aibu niliyoiita heshima. Samaki wawili ndio walionifungua mdomo.

Sasa tushike haya.

Mtoto mchanga apate joto la mwili wako, kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo, kofia kichwani na soksi. Hata baba anaweza, wala si aibu. Mkaushe vizuri, na nguo ikilowa ibadilishe haraka.

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kwa dakika chache za kupasha chumba.

Mkiamka watu wawili au zaidi na kichwa, kizunguzungu au kutapika, tokeni nje kwanza, kisha hospitali. Mwambieni mhudumu kwamba kulikuwa na jiko ndani. Hilo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imebeba kaboni monoksaidi.

Na wenye tangi: pampu ya hewa ifanye kazi hasa usiku, samaki wasizidi, taa saa nane kwa siku zinatosha. Chupa ya hamira tumeitupa. Mimea imepungua ung'avu kidogo, lakini asubuhi samaki wanaogelea katikati ya maji, na mwanangu akiamka jambo la kwanza ni kuwahesabu.

Kama kuna mama mkwe, bibi au shangazi unayemwogopa kumwambia jambo la mtoto, mwambie leo. Msalimie kwanza, halafu mwambie.

Sehemu ya 8 nitaongelea homa ya usiku. Mlale salama, madirisha wazi kidogo.