Shikamoo Niliyoimeza

Kwetu Kitangiri, kuishi juu si sifa. Nyumba zimeng'ang'ania mlima wa mawe, na maji tuliyapandisha kwa ndoo kichwani. Jioni baba akiweka kaseti ya Remmy Ongala na "Mnyonge Hana Haki" ukaanza, majirani walitoa vigoda nje. Mmoja wao alikuwa mzee ambaye siku za mvua alinibeba mgongoni kwenye yale mawe yanayoteleza, niwahi shule.

Mwaka jana nilialikwa sherehe Bwiru, kwenye nyumba inayotazama ziwa. Tulikwenda na gari la mwenzangu wa kazini. Getini, mlinzi aliyevaa koti la mvua akainama dirishani. "Karibuni, mabosi." Ni yule mzee. Alinitambua, nikaona anasubiri. Shikamoo ilinifika ulimini. Wenzangu walikuwa wanacheka. Nikasema, "Poa," kioo kikapanda.

Usiku ulipochangamka, Remmy akapigwa. Tukacheza, glasi mikononi, tukiitikia kwa sauti kubwa wimbo uleule wa baba. Nje mvua haijakatika.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978, akapiga na Orchestra Makassy kisha Super Matimila. Mwaka 1989 albamu yake "Songs for the Poor Man" ilitolewa na Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, bendi ya roki iliyoanzia Charterhouse, shule ya watoto wa matajiri. Kwa hiyo si ajabu wimbo wa mnyonge kupendwa na wenye nacho. Kuupenda ni rahisi. Mimi niliujua tangu utotoni, na miaka yote niliamini unawasema watu wengine, wale wa ufukweni. Usiku ule ulinisema mimi.

Asubuhi nikapanda mlima. Nilimkuta ndiyo kwanza anavua buti.

"Shikamoo, baba."

Alinyamaza kidogo. "Marahaba. Jana hukunitambua?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa jibu: giza, mvua, kioo.

"Nilikutambua," nikasema.

Akaiweka buti moja chini, akavua ya pili. Halafu akanisogezea kigoda.