Mlango Uliokuwa Ukilalamika

Usiku mmoja wa masika mama yangu alibanwa na pumu. Nilikimbilia banda la motokaa, nikakuta mlango wake wa mbao umefura kwa mvua, umekwama. Niliupiga mateke mpaka bawaba iliyoliwa na kutu ikang'oka, wala usifunguke. Jirani yetu ndiye aliyemchukua mama hospitali kwa motokaa yake, na alhamdulillahi, akapona.

Kulipokucha nilimwita seremala, akautoa mlango taratibu kwa kabari. Alinijuza kwamba ubao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake, juu na chini, nami huko ndiko nilikoacha bila rangi. Akatia bawaba mpya na kukaza parafujo zote, maana mara nyingi mlango huinama kabla ya kufura. Kisha akapaka chaki mwimo, akaufunga, akaona pale unapogusa. Alipiga randa kidogo tu, kwani kiangazi ubao husinyaa, na apunguzaye sana huachiwa mwanya.

Akaniuliza, "Haukulia kabla?" Nikaona haya. Ulikuwa ukikwaruza wiki mbili, nami kila siku nikisema, "Inshaallah, kesho." Nalilifanya jina la Mwenyezi Mungu pazia la uvivu wangu, ilhali Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mola.

Basi, ndugu Waislamu, kabla ya masika, ubao ungali mkavu, pakeni rangi kingo zote nne na kutia bawaba mafuta. Na mlango ukilalamika, usikilizwe siku ile ile. Mgonjwa hangoji kesho.