Safari ya Nchiru

Tumeazimia, Mungu akipenda, kuitumia likizo ya Agosti kwenda Nchiru, katika nchi ya Wameru, siku tatu, mimi na watu wa nyumbani kwangu. Majirani wamestaajabu. Mwenye nafasi, wasema, huenda Lamu au Unguja. Nchiru kuna nini?

Kuna nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na kuna kisa kinachotuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Wazee hao husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, kisiwa ambacho wengine hukinasibisha na Manda, jirani ya Lamu. Huko walitumikishwa na watu waitwao Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana: wafue mkuki wa kufika mbinguni, washone kiatu chenye manyoya ndani na nje. Mwishowe wakatoroka, wakavuka maji, na koo zao zikagawika kwa saa ya kuvuka: weusi waliovuka usiku, wekundu waliovuka alfajiri, na weupe waliovuka jua limekwisha kutoka.

Binti yangu mdogo aliposikia aliniuliza, “Baba, hao wenye nguo nyekundu ni sisi?”

Nilinyamaza kitambo. Wako wanaosema walikuwa Waarabu, na wanahistoria hawajaafikiana. Lakini utumwa katika miji yetu haukuwa hekaya, wala sikutaka kumfundisha mtoto kukana. Nikamwambia twende tukausikie usimulizi huo kwa wenyewe.

Tutapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha gari kupitia Embu na Chuka. Daraja la Nithi livukwe mchana. Mteremko na kona zake zimeangamiza wengi. Malazi ni Meru mjini, ambako msikiti upo na makumbusho yapo. Nchiru ni mwendo mfupi kwa njia ya Maua. Kwa masafa hayo ruhusa ya kupunguza sala ipo. Na sweta zisisahauliwe, maana Agosti huko ni baridi kweli.

Akina mama wajue kwamba Njuri Ncheke ni baraza la wanaume, na nyumba yake haiingiwi bila idhini. Hata hivyo wanayo yao ya kuulizia. Mwaka 1956 wazee hao walipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wengi wakaasi, wakashika nyembe wakajitahiri wenyewe. Kisa hicho wa kukisimulia ni mabibi, si baraza.

Chakula hakina tabu akiulizwa mpishi kwa adabu. Muthere ni mahindi na maharagwe, pure yetu ile ile bila nazi. Mukimo huondolewa shaka kwa swali moja tu, limekaangwa kwa mafuta gani. Nyama tutaila kwa Waislamu wenzetu mjini, au tuiache. Miraa tutaitazama mitini. Hasara yake katika nyumba zetu twaijua, ila mkulima wake hatutamhubiria shambani kwake.

Mke wangu amekwisha kuagiza halua, ratili nne, ya kuwapelekea wenyeji. Binti ameandika maswali yake katika daftari, na lile la nguo nyekundu ndilo la kwanza.