Samaki Aliyevimbiwa

Sisi watu wa Handeni na Korogwe tunamjua samaki akiwa ndani ya sufuria. Yupo hata perege ambaye wataalamu walimpa jina la Korogwe mwaka 1955, lakini kwetu yeye ni kitoweo tu. Kwa hiyo mjukuu wangu, anayesoma chuo Morogoro, aliponiletea hapa Masuguru samaki mmoja mwekundu katika chombo cha kioo, nilimwuliza atanenepa lini. Akacheka. "Babu, huyu haliwi. Ni wa kutazama."

Alikuwa beta, samaki mpiganaji, ambaye asili yake ni Thailand. Madume wawili hawawekwi chombo kimoja, maana watapigana. Basi huishi peke yake. Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, nami naishi hivyo hivyo.

Niliachiwa kopo la chakula na maagizo: punje mbili asubuhi, mbili jioni. Wiki ya kwanza nilitii. Kisha nikaona kwamba kila nikikaribia meza, samaki huja mbio kwenye kioo akitikisa mkia. Ilikuwa miaka mingi hakuna aliyefurahi hivyo kuniona. Nikampa punje nikinywa chai, nikampa nikisikiliza taarifa ya habari, nikampa kabla ya kulala.

Siku ya kumi na mbili nilimkuta amelala ubavu juu ya maji, tumbo limevimba, maji yana ukungu na yananuka. Nilidhani amekufa, mpaka alipoinua mdomo kuvuta hewa. Beta ana kiungo kinachomwezesha kupumua hewa ya juu ya maji.

Nikampigia simu mjukuu.

"Babu, unampa punje ngapi?"

Mimi, mwalimu mkuu mzima, niliyewaadhibu watoto kwa kusema uongo, nikajibu, "Hizo hizo ulizosema."

Alinyamaza kidogo. "Tumbo lake ni dogo, Babu, kama jicho lake tu. Mwache siku tatu bila chakula. Kinachobaki huoza na kuleta sumu majini. Toa robo ya maji, uongeze mengine yasiyo baridi."

Beta hutaka maji ya vuguvugu, nyuzijoto 24 hadi 28, nasi tulikuwa mwezi Julai. Nikaweka ndoo ya maji juani kwanza.

Siku tatu zile zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake. Alinifuata kwenye kioo, nami nikakaa nimekunja mikono. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwa namwonea huruma. Nilikuwa nanunua kutazamwa, na bei alikuwa akiilipa yeye.

Siku ya nne tumbo lilikuwa limepungua, naye akaogelea sawasawa. Nikampa punje moja, kisha nikapiga simu tena. "Mjukuu wangu, nilikudanganya. Nilikuwa nampa hata mara nane kwa siku."

"Nilijua, Babu," akasema. "Na wewe je, umekula?"

Nilitazama jikoni. Kwa siku kadhaa nilikuwa nashindia chai na mkate, na sufuria ilikuwa kavu.

Siku hizi hunipigia kila jioni. Samaki hupata punje zake mbili, nami huinjika ugali wangu.