Mchanga wangu nusura umuue Chapati

Nilikuwa nimekwisha kuambiwa nisiutie. Mpwa wangu aliutazama mfuko niliokuwa nimeubeba kutoka dukani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante Shangazi, lakini Chapati hafai kuwekewa mchanga." Nami, msomaji, nilimjibu kama tunavyozoea kuwajibu watoto sisi watu wazima. Nilimwambia kwamba nimezaliwa Malindi na nimeujua mchanga kabla babake hajajua kutambaa.

Hiyo ilikuwa Novemba mwaka wa 2018, mjini Leicester, Uingereza. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia wifi yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Ndugu yangu ni muuguzi, aghalabu hufanya kazi zamu ya usiku, na nyumba ilikuwa imewalemea. Kifunguamimba wao alikuwa na umri wa miaka kumi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa Buruburu, akaacha mbwa wake, rafiki zake na uwanja wao wa kandanda. Alipofika ugenini alinyamaza. Hakuwa mgonjwa, alinyamaza tu. Ukimsemesha atakujibu "ndiyo" ama "la" na kurudi chumbani kwake. Aliyepata kuzungumza naye kwa kirefu alikuwa mmoja tu katika nyumba ile, naye alikuwa mjusi.

Usicheke. Mimi nilicheka nikajuta. Isitoshe, nililelewa na bibi aliyetusimulia kwamba mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, na kwetu mjusi akionekana ukutani hutafutiwa ndara. Sasa naletwa chumbani, nafunuliwa tangi la kioo, naonyeshwa mnyama wa rangi ya manjano mwenye madoa ya kahawia kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Ndiyo maana akaitwa jina hilo. Wafugaji wa huko humwita geko chui kwa sababu ya madoa hayo.

Si kama mjusi wetu wa ukutani. Huyu ana kope, hupepesa macho kama mtu anayekusikiliza, na nyayo zake hazina ule unato wa kupandia kuta. Ni mnyama wa chini. Mkia wake ni mnene kwa kuwa ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Akitunzwa vyema aweza kuishi miaka kumi na mitano, hata ishirini. (Wanafunzi walioanza kumezea mate wangoje kidogo. Hapa Kenya hufugi mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, kwa hivyo mwacheni yule wa ukutani akamate mbu wake.)

Kilichoniuma roho ni kwamba Chapati alipenda kuchimba. Kila magharibi alipoamka alikwenda pembeni akaanza kukwaruza kwa miguu ya mbele, na chini hapakuwa na kitu ila karatasi za kupangusia jikoni. Alikwaruza, karatasi ikakunjamana, akachungulia, akakwaruza tena. Maskini, nilisema, mnyama wa jangwani analazwa juu ya karatasi kama nusu kilo ya matumbo! Ndipo nikaenda duka la wanyama na kununua mfuko wa mchanga mwororo uliotengenezwa kwa madini ya kalisiamu. Juu yake palikuwa na picha ya mjusi wa aina hiyo hiyo, na maandishi kwamba akiumeza utamyeyukia tumboni na kumtia nguvu. Ningewezaje kukosea?

Jumatatu mtoto alipokwenda shule nilizitoa karatasi nikaumwaga mchanga wote.

Aliporudi aliuona. Hakusema lolote. Hilo lilipaswa kunitosha, lakini siku hizo nilikuwa nimezoea kimya chake. Tena Chapati mwenyewe alionekana kunitetea. Alichimba hadi mchanga ukarukia kioo, akaulamba, akachimba tena. Nilimwita wifi yangu aje aone mjusi anavyofurahi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeusikia ndugu yangu akilalamikia bili ya umeme, nikajipa kazi ya pili ambayo sikutumwa: usiku nilizima swichi ya mkeka wa joto uliokuwa chini ya tangi. Mnyama ana mchanga, nilijiambia, atajifukia apate joto.

Baada ya wiki tatu hivi, saa tano za usiku, mlango wangu uligongwa. "Shangazi," mtoto alisema, "Chapati hajaenda choo siku tisa, na hataki nyenje, na miguu ya nyuma anaiburura." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa tangu nifike.

Asubuhi yake tulikuwa kwa daktari wa wanyama, mimi, ndugu yangu aliyetoka zamu bila kulala, na mtoto aliyekipakata kisanduku kifuani. Chapati alipigwa picha ya eksirei. Sikuhitaji kufasiriwa: ndani ya tumbo palikuwa na donge jeupe, refu kama kiwiliwili kizima. Daktari akauliza ni kitandiko gani alichowekewa. Ndugu yangu akamgeukia mwanawe. "Ulimtilia mchanga? Si nilikuambia usome kwanza?"

Mtoto aliangalia sakafu. Hakusema kitu, msomaji. Alikuwa radhi kulibeba. Nami nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili tatu nilimwacha alibebe, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuona jinsi daktari alivyokunja uso. Kisha nikasema, "Ni mimi." Nikaongeza na habari ya swichi, maadamu nilikuwa nimeanza kukiri.

Daktari hakunikaripia. Alieleza kwamba mambo matatu yalikuwa yamekutana. Kwanza mchanga. Wa kalisiamu si afadhali kuliko mwingine, kwani mjusi aliyepungukiwa na madini hayo huulamba kwa makusudi, nao tumboni huganda badala ya kuyeyuka. Pili, unga wa kalisiamu wa kunyunyizia nyenje ulikuwa umekwisha nyumbani na hapana aliyekumbuka kununua mwingine. Tatu, baridi. Mjusi hana moto wa mwili wake mwenyewe. Chakula hakisagiki mpaka apate pa kulaza tumbo penye joto, nyuzi 32 hivi, na upande wa pili wa tangi pawe na ubaridi kiasi ili achague mwenyewe. Geko mzima, mwenye joto na maji, aweza kumeza chembe chache zikapita. Wangu nilikuwa nimemzimia jiko.

Hakupasuliwa. Alipewa mafuta ya kulainisha, akarudishwa kwenye karatasi na joto lake, na mara mbili kwa siku tulimweka katika maji ya vuguvugu yasiyofika mabegani, tukimpapasa tumbo polepole. Nasema tulimweka kwa sababu mtoto alimshika nami nikashika saa. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Siku ya tatu nilimkuta mtoto amelala sakafuni kando ya tangi, nikaketi naye gizani, nikamwomba msamaha. Kwetu si kawaida mtu mzima kumwomba mtoto radhi, na sikujua maneno yake yanavyopangwa. Nikasema tu, "Uliniambia, nikakudharau." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mkia wake bado mnene. Akiba ipo."

Siku ya nne, ndani ya maji, Chapati alitoa kitu kama chokaa mbichi. Sijapata kushangilia choo namna ile tangu enzi za kulea wanangu.

Baadaye mtoto alinifungulia kitabu cha maktaba chenye picha za kwao Chapati: vilima vya mawe vya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Nilitarajia kuona matuta ya mchanga. Kumbe ni ardhi kavu, ngumu, ya udongo na changarawe na nyasi chache, sawa na ukiteremka njia ya Magadi. Humo mjusi huyu hushinda mashimoni na chini ya mawe, akatoka jua likizama. Akichimba hatafuti mchanga wa kuogelea. Anatafuta paa, mahali penye giza na unyevu kidogo ambapo ngozi yake itachunika vizuri. Mchanga mtupu haumpi hilo, kwa sababu kila anapotoboa hubomoka.

Hapo ndipo ujuzi wangu wa pwani ulipofaa hatimaye. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, na nimekandika kuta tangu nikiwa na miaka saba. Tulinunua udongo wa kawaida, usio na mbolea wala dawa, na mchanga uliooshwa wa kuchezea watoto. Vipimo saba vya udongo kwa vitatu vya mchanga. Tukatia maji kidogo kidogo hadi ukiufumbata unashikana bila kudondoka. Mawe mazito tuliyaketisha kwanza juu ya kioo chenyewe, yasije yakamwangukia akichimba chini yake, kisha tukashindilia udongo kina cha sentimita kumi. Tukauacha siku kadhaa ukauke juu. Pembeni tukaweka kikopo chenye mlango na karatasi mbichi ndani, kwa siku za kuchuna ngozi. Chakula kikawa katika kibakuli, asikiparamie ardhini na kuokota udongo.

Dukani walituonyesha pia maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo yana ncha kali, maranda ya mwerezi yenye harufu inayochoma mapafu, hata chembe za choo cha paka. Mtoto aliwajibu mwenyewe, kwa Kiingereza safi, mimi nimesimama nyuma yake nimebeba kikapu. Daktari alikuwa ametuasa kwamba mjusi mchanga, mgonjwa au mgeni nyumbani abaki kwenye karatasi kwanza, kwa hivyo tulingoja hadi Februari mwaka wa 2019, Chapati alipokuwa amekula vizuri wiki sita mfululizo.

Usiku wa tatu baada ya kumhamisha niligongewa tena mlango. Nilishtuka, nikavaa ndara upande mmoja. "Njoo uone," alisema, akanivuta mkono. Chini ya jiwe kubwa palikuwa na tundu la duara, limesimama imara kama dirisha, na ndani yake macho mawili yalikuwa yakipepesa. Tulikaa pale hadi saa nane za usiku. Alinieleza habari za mbwa wake wa Buruburu, jinsi naye alivyokuwa akichimba chini ya ua wa jirani, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nitue Uingereza, nikafunga mdomo na kumsikiliza.