Pampu ya Trekta Hufa kwa Kiu

Zamani mashambani kwetu trekta lilioshwa mtoni. Lilisogezwa hadi ukingoni, vijana wakachota maji kwa ndoo, wakasugua matope kwa brashi na magunzi, na oili iliyovuja ikateremka na mkondo hadi kwa waliochota maji ya kunywa. Watu wanaosifu urahisi wa siku zile huwasahau hao wa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilipozuia shughuli zinazodhuru kingo za mito ndani ya mita 60, Tanzania ilipata msingi wa kisheria wa kuliondoa trekta mtoni. Kazi ikahamia uani, kwenye simtanki na mpira mwembamba wa bustani, na mashamba yenye uwezo yakafunga nyuma ya trekta pampu ya presha inayozungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini ya trekta kwenda kwenye mashine nyingine. Hapo ndipo matatizo ya pampu hizi yalipozaliwa: nguvu iliongezeka mara nyingi, lakini njia ya maji ikabaki finyu.

PTO yenyewe ni ya siku nyingi. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye shafti hiyo mwaka 1918, na mizunguko 540 kwa dakika ikawa kipimo ambacho viwanda vingi hukifuata hadi leo. Chukua pampu ya pistoni tatu inayotoa lita 30 kwa dakika kwa presha ya bar 200. Maji hayo yanahitaji takriban kilowati 10, wakati trekta la nguvu za farasi 50 lina kama kilowati 37. Trekta halihisi mzigo. Mota ndogo ya umeme ikizidiwa hunguruma, hupata moto, wakati mwingine hukata. Trekta huendelea kuzungusha tu, hata pampu ikiwa haina maji ya kutosha. Maji yakipungua upande wa kuvuta, presha humo hushuka, mapovu hutokea na kupasuka juu ya vali, na pampu hulia kama kokoto ndani ya debe. Mwendeshaji akiona presha imeshuka huongeza mafuta, shafti hupita mizunguko 540, pampu hudai maji mengi zaidi, na uhaba unazidi. Nimeona pampu nyingi zikifunguliwa na kubadilishwa sili, kisha zikaharibika tena kwa sababu chujio lililoziba halikuguswa.

Fundi atasema sili na vali huchakaa hata maji yakiwa tele. Ni kweli, na nozeli pia hutanuka. Lakini uchakavu huo huja polepole: sindano ya geji hushuka kidogo kidogo kwa miezi, au oili hugeuka nyeupe kwa sababu maji yamepita kwenye sili. Presha inayorukaruka ghafla, mpira unaotikisika na kelele mpya ni dalili za hewa au uhaba wa maji, na hizo hutafutwa kwanza kwenye klipu ya mpira wa kuvuta, kwenye chujio na kwenye koki ya tanki. Jambo jingine la pampu ya trekta ni kwamba bunduki ya maji ikifungwa, shafti haisimami. Vali ya kurudishia huyazungusha maji yaleyale ndani ya pampu mpaka yanachemka na kuunguza sili. Kwa hiyo anayekwenda kuhamisha ngazi au kupokea simu azime PTO kwanza. Na asikaribie shafti isiyo na kikinga. Mizunguko tisa kwa sekunde haimpi mtu nafasi ya kuvua shati lililonaswa.

Wapo wanaosema basi turudi kwenye ndoo na brashi, kwani havihitaji fundi. Kwa beringi, rejeta na nyaya za umeme nakubaliana nao kabisa, maana maji ya presha husukuma mchanga ndani ya sili na kupinda mapezi ya rejeta. Ila matope yaliyokauka chini ya jembe, au mabaki ya mazao ndani ya mashine ya kuvunia inayokodishwa kutoka shamba hadi shamba, hubeba mbegu za magugu, na brashi haifiki kila kona. Pampu ina kazi yake, mradi ilishwe.

Kabla ya kuagiza sili mpya, weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa mpira unaolisha pampu, fungua koki yote, na utazame saa. Pampu ya lita 30 kwa dakika inataka ndoo hiyo ijae kabla ya sekunde 40. Ikichelewa, nunua mpira mpana, si pampu.